Kitabu Kisichosomwa Hakirudi

Ukimwazima rafiki riwaya ikamshinda, atakwambia haikumnogea, basi, yameisha. Kitabu cha hoja ni shughuli nyingine. Umempa cha historia, cha uchumi au cha sayansi, na umempa kwa kuwa unaiheshimu akili yake. Akikwama ukurasa wa 23, atakujaje kukwambia kimemshinda? Anakiweka juu ya kabati. Mwezi unapita. Mkikutana sokoni anauliza hali ya watoto, anauliza habari za mvua, kitabu hakitajwi. Mwaka ukiisha wewe unawaambia watu kuwa fulani ni mwizi wa vitabu.

Wengi wanaolalamika hivyo, Tabora na Kigoma, hawajaibiwa. Vitabu vyao vipo, vizima, ila havijasomwa, na aliye navyo anaona haya kuvirudisha vilivyo. Wahenga waliposema kukopa harusi kulipa matanga walikuwa wanazungumzia mali, lakini kwenye vitabu matanga yenyewe ni lile swali moja: "Enhe, umekionaje?" Kwa hiyo mwenye kitabu ana kazi moja kubwa kabla ya zote: kumrahisishia mwenzake kurudisha kitabu ambacho hakukisoma. Ukiliweka hilo sawa, mengine yote yanajipanga, kuanzia kitabu gani umpe hadi siku gani umtumie meseji.

Tuanze na kuchagua. Kumuuliza mtu anapenda vitabu gani hakuna faida, maana atajibu kwa adabu. Sikiliza anabishania nini siku hizi. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge ambaye kila msimu anauliza kwa nini bei inatajwa kwa dola ilhali yeye anaishi kwa shilingi, huyo tayari ana swali, na kitabu kitapata pa kukaa. Rafiki asiye na swali usimpe kitabu bado. Mpe maongezi.

Kwa mkulima huyo wengi hukimbilia kitabu cha Walter Rodney, How Europe Underdeveloped Africa, kilichotoka mwaka 1972 alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chaguo zuri, ila kinaazimwa vibaya. Kina sura sita, na ya kwanza ni ya kufafanua istilahi: maendeleo ni nini, kudumaa ni nini, ubepari ni nini. Hapo ndipo wasomaji wanapolala. Mwambie aanze na sura ya sita, inayohusu ukoloni wenyewe na yale yanayodaiwa kuwa faida zake: shule, hospitali, reli. Rodney anasema barabara na reli za wakoloni zilielekea baharini ili zibebe mali, na hazikujengwa ili Waafrika watembeleane. Msomaji wa Tabora ana namna ya kuipima hoja hiyo bila kumuuliza mtu. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928, enzi ya Waingereza. Ncha zake zote tatu, Dar es Salaam, Kigoma na Mwanza, zinaishia majini. Mwandikie kwenye karatasi swali moja: tawi la Mwanza linaiunga mkono hoja ya Rodney au linaitatiza, ukifikiria pamba iliyopita humo na ukifikiria pia watu waliopita humo? Akishamaliza sura ya sita, akitaka, atarudi ya pili hadi ya tano. Ya kwanza aisome mwisho, na hapo itamwelea, kwa kuwa atakuwa ameshaona maneno yale yakifanya kazi.

Karatasi hiyo ya swali ndiyo inayotofautisha kuazima na kutupa. Iwe nusu ya ukurasa wa daftari, ikunjwe, ikae ndani ya jalada la mbele. Andika mambo matatu tu: aanzie wapi, swali moja la kubishania, na tarehe. Usiandike muhtasari wa kitabu. Usimwandikie pia kwamba kitabu kilibadilisha maisha yako. Mzigo huo utamzuia kusema kuwa hakubaliani nacho, na pengine hilo ndilo ulilotaka kusikia kwake.

Lugha nayo. Mtu anaweza kuandika barua ya kazi kwa Kiingereza safi na bado kurasa 300 za Kiingereza zikamchosha baada ya kazi. Hakuna aibu hapo, na hakuna haja ya kumpima. Mwekee mezani vitabu viwili, kimoja cha Kiswahili na kimoja cha Kiingereza, kisha nenda kachemshe chai, usirudi mpaka dakika kumi zipite. Kile utakachomkuta amekishika, mpe hicho.

Vya hoja kwa Kiswahili ni vichache kuliko tunavyohitaji, lakini vilivyopo vinatosha kuanzia. Wasifu wa Siti binti Saad ulioandikwa na Shaaban Robert ni mwembamba, unasomeka jioni chache, na usidanganyike na wembamba wake. Ndani mna mwanamke aliyetoka kwenye kuuza vyungu hadi kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, na swali la kumwachia rafiki linajileta lenyewe: santuri zikiuzwa pwani nzima, nani alikuwa anahesabu fedha? Kwa mtu wa makamo anayekumbuka foleni za sukari, Mzee Rukhsa ya Ali Hassan Mwinyi, iliyotoka 2021, inaingia vizuri. Mwelekeze moja kwa moja kwenye miaka ya urais, 1985 hadi 1995, kisha arudi utotoni akipenda. Mkumbushe tu kwamba anayeandika maisha yake mwenyewe ni shahidi na wakili kwa wakati mmoja.

Kwa Tabora hasa, kipo kimoja ambacho naona kila nyumba yenye rafu ingekuwa nacho: maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa kwa jitihada za Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Baba yake Tippu Tip alikuwa na makazi Tabora, na mji umo humo ndani kama kituo cha biashara, kabla ya reli, kabla ya shule, kabla ya Mdachi. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, sentensi zinakwenda mbio, na bidhaa zinatajwa bila maelezo. Msomaji wa leo anakwama kwenye vipimo. Basi kwenye ile karatasi ongeza mstari mmoja: frasila ni kama kilo 16. Akishajua hilo, kila pembe inayotajwa inapata uzito, na atajiuliza nani aliibeba.

Hilo swali ndilo la kumpa, maana kitabu hakilijibu. Msimulizi ni tajiri wa msafara. Wapagazi wamo kama idadi, kama gharama, kama watu waliotoroka. Msomaji Mnyamwezi atakiona kimya hicho haraka kuliko mwingine yeyote. Akirudi na hasira, hapo sasa kuna cha pili cha kumpa: Stephen Rockel alitoa mwaka 2006 kitabu kizima juu ya upagazi kama kazi ya ujira yenye taratibu zake, na Wanyamwezi wako katikati yake. Akirudi akiuliza habari za Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871 na kufariki 1884, kuna cha Norman Bennett cha mwaka 1971. Vyote viwili ni vya Kiingereza na ni vya kitaaluma, si vya kumpa mtu siku ya kwanza. Wala usimpe vitatu kwa mkupuo ukidhani unamkirimu. Vitabu vitatu kwa pamoja ni kabati lingine.

Kigoma kuna kishawishi cha kumpa kila mtu kitabu cha Jane Goodall cha 1971, In the Shadow of Man, kwa kuwa Gombe iko pale pale. Nacho kinafaa, ila kiazime kama kitabu cha hoja, kisigeuke picha za sokwe. Goodall alifika Gombe Julai 1960, na mwaka huo huo aliona sokwe akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu kuvua mchwa. Kabla ya hapo kutengeneza na kutumia zana kulihesabiwa kuwa kazi ya binadamu peke yake. Aliwapa sokwe majina badala ya namba, na wataalamu wengine hawakupenda. Baadaye aliwawekea ndizi kambini ili wasogee, na hilo nalo limelaumiwa kwamba lilibadilisha tabia zao, ugomvi ukazidi. Swali la karatasi: ukimlisha unayemchunguza, unachokiona bado ni chake? Mwalimu wa sayansi, bwana samaki, mhudumu wa afya anayekusanya takwimu vijijini, kila mmoja atalijibu kwa kazi yake.

Sasa muda. Hapa ndipo watu wanapoharibu, kwa sababu ya ukarimu. "Kaa nacho tu, hakuna haraka" ni sentensi inayopoteza vitabu kuliko mvua. Kitabu kisicho na tarehe hakina siku ya kurudi, na kila siku inayopita inaongeza aibu. Wiki mbili zinatosha kwa sura moja au mbili, na baada ya hapo anaongezewa wiki mbili nyingine bila maswali. Kwa kitabu kizima, hesabu kurasa kumi kwa usiku kwa Kiswahili, sita au saba kwa Kiingereza kizito, kisha ongeza wiki moja ya misiba na wageni. Kurasa 240 za Kiswahili: siku 24 na wiki, mwezi mmoja. Kurasa hizo hizo za Kiingereza: wiki sita hadi saba. Kama hesabu inavuka miezi miwili, kitabu ni kikubwa mno kwa mkopo huo, mpe sura.

Tarehe nayo ifuate maisha ya mtu, isifuate kalenda ya ukutani. Mkulima wa tumbaku usimpe kitabu Novemba na Desemba anapopandikiza, wala asubuhi na jioni za kuvuna na kukausha zinazofuata baada ya mwaka mpya. Mpe akishauza. Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga anafanya kazi usiku wa giza, taa zikiwa majini. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawakusanyiki kwenye taa na watu wanapumzika. Mpe kitabu mwezi unapokaribia kuwa mpevu, kirudi kabla giza halijaingia tena. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15: miezi mitatu ambayo ni migumu mfukoni, lakini kwa kusoma haikuwa na mfano. Mwalimu usimpe wakati wa kusahihisha mitihani ya mwisho wa mwaka. Na Ramadhani, kwa Ujiji na kwa Tabora mjini, kitabu kinene cha siasa kisubiri Idi.

Kumbukumbu iandikwe mbele yake. Kaunta buku la kwaya mbili linatosha miaka mingi: tarehe, jina la kitabu, jina la mtu, simu, tarehe ya kurudi, na safu moja ya hali ya kitabu kinavyotoka ("jalada limekunjika kona, ukurasa wa 61 umechanika"). Hiyo safu ya mwisho wengi huiacha, kumbe ndiyo inayolinda urafiki, kwa kuwa msomaji hatadhaniwa uharibifu ambao hakuufanya. Akiona haya kuandikwa, mwambie humo mmeandikwa wote, hata shemeji yako. Piga na picha ya jalada kwa simu, yeye akiwa amekishika. Siku ukisahau daftari, picha ina tarehe.

Meseji moja itoke siku moja kabla. Maneno yake yana uzito. "Naomba kitabu changu" inamfanya mdaiwa. Jaribu hivi: "Mwangaluka bwana. Kesho Jumamosi wiki zetu mbili zinaisha. Kama umekisoma njoo tubishane, kama hujakigusa njoo nacho vilevile, nipo kuanzia saa kumi." Ile "kama hujakigusa" ndiyo inayokirudisha kitabu. Na akija hajakigusa, usiulize kwa nini. Pokea, futa kwenye daftari, zungumzeni mengine. Mtu aliyerudisha kitabu kibichi bila kusimangwa ataomba kingine, na mara nyingi cha pili hukisoma.

Alama za penseli ziruhusiwe, na useme mapema. Mstari mwembamba pembeni, alama ya kuuliza pale asipokubali. Kitabu cha hoja kinachorudi na alama za kuuliza za rafiki kinakupa maongezi ya saa mbili. Kalamu ya wino hapana, na zile za rangi hapana kabisa, zinapenya hadi upande wa pili.

Kabla kitabu hakijatoka nyumbani kiandae. Kama ni kipya na kurasa zake zimebandikwa kwa gundi badala ya kushonwa kwa uzi, kukifungua kwa nguvu katikati kunapasua mgongo, na baada ya hapo kurasa zinatoka moja moja. Kisimamishe kwa mgongo juu ya meza, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, halafu shusha kurasa chache upande huu, chache upande ule, ukibonyeza taratibu karibu na mgongo, hadi ufike katikati. Kazi ya dakika tatu. Kukava, tumia karatasi ya kaki kwanza na nailoni juu yake, ukikunja kingo ndani ya jalada. Usibandike kitu chochote kwenye jalada lenyewe. Gundi inayoshika leo mwakani inang'oa rangi.

Soltepu kwenye ukurasa uliochanika ni kosa la kila nyumba. Gundi yake inageuka manjano, inalowesha karatasi mafuta, na plastiki ikishabanduka doa linabaki. Pika wanga wa muhogo, kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji, koroga kwenye moto mdogo hadi uwe mzito na wenye kung'aa, uache upoe. Chana kwa mkono kipande chembamba cha ile karatasi nyepesi ya kufungia zawadi, kwa kuwa kingo za kuchana hushika vizuri kuliko za mkasi. Paka wanga kidogo sana, bandika, weka karatasi ya nailoni juu na chini ili kurasa zisishikane, kisha bonyeza kwa vitabu vizito usiku kucha. Kidogo sana nimesema kwa sababu wadudu wanaupenda wanga huo kama watu.

Maadui ni tofauti kwa mikoa hii miwili, ingawa ni jirani. Tabora ni mchwa. Rafu isiguse ukuta, iache nafasi ya upana wa kiganja, na miguu yake iwe ndani ya makopo yenye oili chafu. Kila mwezi angalia kama kuna njia ya udongo inapanda. Mwambie rafiki asiweke kitabu sakafuni wala juu ya sanduku lililo sakafuni, hata usiku mmoja wa masika. Kigoma, hasa nyumba za karibu na ziwa, ni unyevu. Kitabu kilichobanwa kabatini kinaota ukungu bila kuguswa na tone la maji. Visibanane, vitolewe vipate hewa kila baada ya wiki chache, na chenye harufu ya ukungu kitengwe mara moja.

Kikilowa mvua kwenye bodaboda, jua halisaidii. Linapinda kurasa na kukausha gundi ya mgongo hadi ivunjike. Weka karatasi kavu zisizo na wino kila baada ya kurasa ishirini, kisimamishe kivulini penye upepo, badilisha karatasi kila saa mbili. Kikikaribia kukauka kilaze chini ya uzito. Una siku mbili tu kabla ukungu haujaanza. Zile kurasa za picha zenye karatasi ya kung'aa zitenganishwe zikiwa bado mbichi, kwa sababu zikikauka zimeshikana hazitengani tena.

Kumtumia rafiki wa Kigoma kitabu kwa basi kutoka Tabora ni jambo la kawaida. Kifunge kwenye nailoni kwanza, halafu boksi gumu kuliko kitabu pande zote, kisha andika jina na simu mara mbili, juu ya boksi na ndani yake. Chukua stakabadhi ya mzigo na umtumie picha yake. Bahasha tupu ya kaki itafika, ila kona za kitabu zitafika zimekunjwa.

Watu huuliza kwa nini wasitume tu faili la kitabu kwenye simu. Kwanza sheria ya hakimiliki ya 1999 haikuachii kusambaza kazi ya mtu hivyo, wakati kumwazima mwenzako nakala uliyonunua hakuna neno. Pili, faili halirudi, kwa hiyo halina tarehe, na lisilo na tarehe halisomwi. Simu zetu zimejaa vitabu ambavyo hakuna aliyevifungua.

Linabaki la mkono wa tatu. Rafiki yako amekipenda, naye amemwazima bosi wake. Usikasirike, hapo pendekezo lako limefanya kazi. Lakini liwe kwa masharti yaliyosemwa siku ya kwanza: akitaka kukipitisha, akutumie meseji yenye jina na simu, nawe uandike mstari mpya kwenye daftari chini ya ule wa mwanzo, na tarehe mpya. Anayewajibika kwako anabaki yule wa kwanza. Kikipotea, mkubaliane kwa kitabu na wala si kwa fedha, kwa sababu bei ya dukani na thamani ya kitabu kilichoacha kuchapishwa haviendi pamoja. Alete kitabu kingine cha hoja anachoona kinalingana, achague mwenyewe, na kiingie kwenye rafu na kwenye daftari kwa jina lake.